Mbwa Mdogo Aliyeugua Kongosho: Apikiwe Nini?

Somo la afya ya wanyama, Idara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi

Kila ukurasa huu unapoandika habari za mbwa, hakosi mkazi wa kutuuliza kwa nini kaunti inahangaika na mbwa ilhali ng'ombe wanakufa kwa ndigana. Swali ni la haki. Jibu limo katika Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa, ni kazi ya serikali za kaunti. Ndigana tutairudia toleo lingine. Leo tuzungumze kuhusu mbwa wadogo wa nyumbani, ambao idadi yao inaongezeka mijini na hata vijijini, na ugonjwa mmoja unaowapata hasa baada ya sikukuu.

Nianze na Simba. Jina ni kubwa kuliko mwenyewe: ni mbwa mweupe wa manyoya mengi, kilo 5 kamili kwenye mzani. Anayemfuga ni mwalimu mstaafu. Mbwa alikuwa wa marehemu mkewe, na tangu mama aondoke wawili hao hula pamoja, mmoja mezani na mwingine chini ya meza.

Simba aliletwa kwetu akiwa ametapika usiku kucha. Hakutaka chakula, tumbo lilikuwa limekaza, na ukimgusa mbavuni alilia. Alikuwa akiinamisha kifua hadi sakafuni na kuacha makalio juu, kama mbwa anayejinyoosha baada ya usingizi, ila yeye alibaki hivyo hivyo. Ukimwona mbwa wako amekaa namna hiyo huku anatapika, usingoje kesho. Kipimo cha damu kilionyesha kuwa kongosho limevimba, ugonjwa ambao madaktari huuita pankreatitisi. Alitundikiwa maji, akapewa dawa ya maumivu na ya kuzuia kutapika, na siku ya tatu akaenda nyumbani akitikisa mkia.

Siku tano baadaye nikamwona mwalimu mlangoni tena, amembeba Simba ndani ya shuka.

"Mwalimu, amekula nini?"

"Hajala kitu kibaya, daktari. Nilimpa supu tu. Kuku wa kienyeji, nimemchinja mwenyewe. Niliona amedhoofika, nikasema apate nguvu."

Ningemlaumu vipi? Katika nyumba zetu nyingi mgonjwa hupikiwa supu. Mama aliyejifungua hupikiwa supu. Na supu yenyewe husifiwa kwa yale mafuta ya manjano yanayoelea juu. Isipokuwa nayo, watu husema umewapa maji ya moto. Mwalimu alifanya kile ambacho mama yake angemfanyia yeye. Kosa lilikuwa letu kwa kiasi fulani, kwa sababu tulimpa dawa na tarehe ya kurudi, na kuhusu chakula tukamwambia tu "mpe chakula chepesi". Kwake supu ilikuwa chakula chepesi. Mbwa huyu anahitaji kinyume kabisa cha mapishi tuliyofunzwa kumpikia mgonjwa, na mtu hawezi kulijua hilo bila kuelezwa.

Kongosho na mafuta

Kongosho ni kiungo chembamba kilicholala karibu na tumbo na mwanzo wa utumbo. Kina kazi mbili. Ya kwanza ni kutengeneza insulini, ambayo husimamia sukari mwilini. Ya pili ni kutengeneza vimeng'enya, yaani maji makali yanayosaga chakula, kikiwemo kile cha kusaga mafuta kiitwacho lipasi. Kwa kawaida vimeng'enya hivyo hutoka kwenye kongosho vikiwa vimelala, vikaamka vinapofika ndani ya utumbo. Katika ugonjwa huu baadhi huamka mapema, vikiwa bado ndani ya kongosho lenyewe, vikaanza kulisaga kama vile linavyosagwa chakula. Ndiyo maana maumivu huwa makali.

Mara nyingi hatupati sababu moja ya hakika. Lakini mlo mmoja wenye mafuta mengi, hasa kwa mbwa asiyeuzoea, unajulikana sana kwa kuwasha ugonjwa huu. Mbwa wanene wamo hatarini zaidi. Baadhi ya aina za mbwa wadogo, kama Miniature Schnauzer, huzaliwa na mwelekeo wa kuwa na mafuta mengi kwenye damu. Baadhi ya dawa nazo huchangia, zikiwemo zile za kifafa, kwa hiyo mweleze daktari kila kitu anachomeza mbwa wako.

Kongosho likishavimba mara moja, huvimba tena kwa urahisi zaidi. Likivimba mara nyingi huacha makovu, na mbwa anaweza kuishia kuwa na kisukari au kushindwa kabisa kusaga chakula, akakonda huku anakula.

Siku za mwanzo

Nilipokuwa chuoni tulifundishwa kumnyima mbwa huyu chakula kwa siku mbili, tatu, hata zaidi, ili kongosho lipumzike. Wako wafugaji wanaoendelea kufanya hivyo kwa sababu daktari fulani aliwaambia zamani. Siku hizi ushauri umebadilika. Utumbo usiopata chochote hudhoofika kuta zake, na mbwa mdogo hana akiba kubwa mwilini. Mara tu kutapika kunapodhibitiwa, tunaanza kumlisha kidogo kidogo. Mbwa aliyekaa siku mbili hadi tatu bila kula lolote lazima aonwe na daktari, na huenda akalishwa kwa mpira.

Mwanzo huo wa kula ufanyike kwa mwongozo wa daktari aliyemtibu. Usianze nyumbani mwenyewe na mbwa ambaye bado anatapika. Na tafadhali, dawa za maumivu za binadamu ziacheni kabatini. Ibuprofeni, diklofenaki na paracetamol zinaweza kumuua mbwa wa kilo 5 kwa kipimo ambacho mtu mzima hata hakihisi.

Maji ya kunywa yawepo safi wakati wote. Kama anakunywa kwa pupa kisha anatapika, mpe vijiko vichache kila baada ya nusu saa badala ya kumjazia bakuli.

Sufuria yake

Kipo chakula maalumu cha dukani kwa mbwa wenye shida hii, kinachouzwa kwenye kliniki kwa maelekezo ya daktari. Ukikipata na ukakimudu, kitumie. Kimepimwa na kina kila kitu. Lakini tunajua bei yake, na tunajua kwamba kliniki nyingi nje ya miji mikubwa hazikiweki. Kwa wiki mbili tatu za kupona, sufuria ya nyumbani inatosha, mradi ipikwe kwa nidhamu.

Chukua wali mweupe uliochemshwa bila mafuta, bila chumvi na bila kitunguu, hadi ulainike kupita vile unavyoupenda wewe. Tumechagua mchele mweupe kwa sababu husagika upesi na huacha kazi kidogo. Viazi vilivyomenywa na kuchemshwa vinafaa pia. Ugali wa sembe unaweza kuingia baada ya wiki ya kwanza, kidogo kidogo. Ule wa unga wa kusaga posho mill ungoje, maana una kiini cha mahindi chenye mafuta na makapi ambayo tumbo lililotoka kuugua halina haja nayo. Githeri na maharagwe, hapana.

Nyama ni kidari cha kuku kilichotolewa ngozi yote na ule utando wa manjano. Kichemshe, kisha maji yake uyamwage. Ndiyo, yamwage, au yaweke kwa watu wa nyumbani. Ukitaka kumwekea mchuzi kidogo ili wali usiwe mkavu, chemsha nyama leo, weka ule mchuzi mahali baridi usiku kucha, na asubuhi uyakwangue mafuta yote yaliyoganda juu. Kinachobaki chini ndicho anachoweza kupewa, vijiko viwili vitatu.

Badala ya kuku kuna samaki aina ya tilapia, aliyechemshwa na kutolewa miiba yote kwa mkono; nasema kwa mkono kwa sababu macho hayatoshi. Ute mweupe wa yai uliochemshwa unafaa, kiini kiwekwe kando.

Halafu kuna mapafu, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndiyo nyama ya mbwa wengi katika kaunti hii. Wauza bucha huyapima kwa bei nafuu, na wengi hudhani ni takataka. Kwa ugonjwa huu mapafu ya ng'ombe ni nyama nzuri: mafuta yake ni machache, yanakaribiana na ya kidari cha kuku. Ondoa koo la hewa na mafuta yaliyoshikamana nalo, katakata vipande vidogo, chemsha mpaka pasibaki uwekundu hata katikati. Usimpe mabichi kamwe, hata akiwa mzima. Mapafu na maini mabichi ya mifugo huweza kubeba vifuko vya minyoo ya hidatidi. Mbwa akivila hupata minyoo, naye huieneza kwa watu kupitia kinyesi chake, na mtu akaota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu yake mwenyewe. Wenzetu wa Turkana wameuteseka ugonjwa huo kwa miaka mingi. Ukiona vifuko vya maji kwenye mapafu uliyouziwa, usiyatupe jalalani ambako mbwa wa jirani atayafikia. Yachome au uyafukie shimo refu, na umjulishe mkaguzi wa nyama.

Bandama nayo haina mafuta mengi na inaweza kuchukua nafasi ya mapafu siku mojamoja. Matumbo yaache. Ini ni sawa kwa vipande vidogo tu, si kama mlo.

Chakula hiki cha wali na nyama hakijakamilika. Hakina kalisi ya kutosha, wala vitamini zote, wala yale mafuta machache ambayo kila mwili unayahitaji. Kwa mbwa mzima wiki mbili hadi tatu si neno. Zaidi ya hapo, rudi kwa daktari akupangie cha kuongeza, au akuelekeze kwenye chakula cha dukani kinachofaa. Usijaribu kuziba pengo hilo kwa mifupa. Uboho ulio ndani ya mfupa ni mafuta matupu, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vikali. Mtoto wa mbwa asiwekwe kwenye chakula hiki bila daktari kujua, maana mifupa yake bado inakua.

Hesabu ya mwalimu

Nilipomweleza mwalimu haya kwa mara ya pili, alinikatiza. "Daktari, usiniambie kidogo. Kidogo ni ngapi?"

Nilifurahi. Basi tulikaa na kalamu, na hesabu tuliyoifanya ndiyo hii.

Mbwa mgonjwa aliyelala ndani anahitaji nguvu kiasi fulani kwa siku. Zidisha uzito wake wa kilo kwa 30, kisha ujumlishe 70. Utapata kalori za siku nzima. Simba ana kilo 5: mara 30 ni 150, ukijumlisha 70 ni kalori 220. Mbwa wa kilo 3 atahitaji 160, wa kilo 8 atahitaji 310. Walio chini ya kilo 2 hesabu hii haiwafai, muulize daktari.

Gramu 100 za wali mweupe uliopikwa zina kalori 130 hivi. Gramu 100 za kidari cha kuku kilichochemshwa bila ngozi zina kalori zipatazo 155. Kwa hiyo gramu 110 za wali na gramu 50 za kuku zinamtosha Simba kwa siku nzima. Kama huna mzani wa jikoni, wali huo ni kama theluthi mbili za kikombe cha chai, na kuku ni kama vijiko vitatu vikubwa vya nyama iliyokatwakatwa. Lakini mwenye duka la nafaka hatakataa kukupimia mara moja. Ukishaona kiasi kwa macho hutakisahau.

Usimpe chote siku ya kwanza. Siku ya kwanza ya kula mpe robo ya kiasi hicho, ya pili nusu, ya tatu robo tatu, ya nne chote, na kila siku ukigawe mara nne hadi sita. Akitapika au akikataa chakula, rudi hatua moja nyuma na umpigie daktari. Baada ya wiki mbili, akiwa ameanza kukimbia, kiasi huongezwa polepole, pengine hadi mara moja na nusu, kwa kutazama mzani. Akinenepa, punguza.

Mafuta yote yaliyomo katika wali ule na kuku yule ni kama gramu 2 kwa siku. Hapo mwalimu akaniuliza supu yake ilikuwa na mafuta kiasi gani. Sikuiona, nikamwambia akadirie. Akafikiri, akasema vijiko viwili vikubwa vilivyokuwa vikielea juu, labda na zaidi. Kijiko kikubwa cha mafuta ni gramu 13 au 14 na kina kalori 120 hivi. Akaandika: vijiko viwili, gramu 27. Akagawa kwa 2. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilimpa mafuta ya karibu wiki mbili kwa bakuli moja."

Nadhani karatasi ile ilimfaa kuliko maneno yangu yote.

Vinavyotuponyoka

Ngozi ya kuku na mafuta ya nyama choma kila mtu anavijua. Zaidi ya theluthi moja ya ngozi ya kuku aliyepikwa ni mafuta. Mutura, soseji, mandazi, chapati na viazi vya kukaanga viko katika kundi hilohilo. Ninachotaka kukazia ni vile ambavyo havionekani kama mafuta.

Maziwa ni mfano. Watu wengi humpa mbwa mgonjwa maziwa wakidhani ni laini tumboni. Maziwa ya ng'ombe yana asilimia 3.5 hivi ya mafuta, na hilo linaonekana dogo mpaka ukumbuke kwamba sehemu kubwa ya maziwa ni maji. Ukiyaondoa maji, zaidi ya robo ya kinachobaki ni mafuta. Chai ya maziwa ni hayohayo na sukari juu yake.

Avokado ni ya pili. Katika sehemu za kaunti zenye miti hiyo, msimu ukifika mbwa huziokota chini na kunenepa bila mwenyewe kujua zinatoka wapi. Tunda hilo lina mafuta kama asilimia 15, na kokwa yake humkwama mbwa mdogo. Kama una mti, ziokote kila asubuhi au umfunge mbwa upande wa pili wa boma.

Omena, karanga, siagi ya karanga, na kiini cha yai vyote viwekwe kando kwa sasa. Masalio ya sukuma wiki yana ubaya wa namna mbili: yamekaangwa kwa mafuta, na yana kitunguu. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kitunguu saumu ni vivyo hivyo. Vile vidonge na unga wa kukolezea mchuzi navyo huwa na kitunguu na chumvi nyingi ndani yake.

Akiomba kitu kati ya milo, na ataomba, mpe kipande cha karoti au boga lililochemshwa, au tango lililomenywa. Jumla ya vitu hivi isizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku.

Kusoma mfuko wa dukani

Baada ya wiki mbili tatu wengi watataka kurudi kwenye chakula cha dukani. Hapa watu wenye akili zao hukosea, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye mfuko haisemi ukweli wote. Chakula cha mkebe kina maji mengi na cha punje kina machache, kwa hiyo huwezi kulinganisha asilimia zao za mafuta hivi hivi. Toa maji kwanza.

Tuseme mfuko wa punje umeandikwa mafuta asilimia 12 na unyevu asilimia 10. Ukitoa unyevu unabaki na 90. Gawa 12 kwa 90: ni asilimia 13 na kidogo. Sasa chukua mkebe ulioandikwa mafuta asilimia 5, unyevu asilimia 78. Kinachobaki ni 22. Gawa 5 kwa 22: ni karibu asilimia 23. Mkebe ulioonekana mwepesi umeizidi punje kwa karibu mara mbili.

Kwa mbwa aliyeugua kongosho, baada ya kutoa maji, mafuta yasizidi asilimia 15. Kwa aliyeugua zaidi ya mara moja kama Simba, au mnene, au mwenye mafuta mengi kwenye damu, tafuta kilicho chini ya 10. Chakula cha watoto wa mbwa usikichukue, hata kama punje zake ndogo zinamfaa mdomoni. Hutengenezwa na mafuta mengi makusudi.

Maduka mengi ya agroveti huuza chakula cha mbwa kwa kupima kutoka gunia lililofunguliwa. Mwombe muuzaji akuonyeshe gunia lenyewe na usome maandishi. Kama gunia halina maandishi, au muuzaji hakumbuki lilitoka wapi, usinunue kwa mbwa huyu. Mafuta ya punje zilizokaa wazi muda mrefu pia huharibika na kunuka. Nusa kabla ya kulipa.

Kumhamisha kutoka sufuria hadi punje kuchukue siku 7 hadi 10. Anza na robo ya chakula kipya na robo tatu ya cha zamani, uongeze kila baada ya siku mbili tatu.

Watu wa nyumbani

Karibu kila mbwa anayerudi kwetu mara ya pili hakulishwa na yule aliyemleta kliniki. Amelishwa na mtoto, na mgeni, na mlinzi wa usiku anayekula naye kwa upendo, au jirani anayemrushia mfupa juu ya ua. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kwa hiyo mtu mmoja nyumbani ashike kazi ya kumlisha, na wengine wote waambiwe sababu, hata watoto wadogo. Mtoto akielezwa kwamba kipande cha ngozi ya kuku kitamfanya mbwa alie tumbo usiku, hulinda sheria hiyo kuliko mtu mzima. Pipa la taka liwe na kifuniko kinachofunga kweli. Wakati wa krismasi, idi, harusi au mazishi, ambapo nyama huchinjwa na mifupa hutapakaa, mfungie chumbani au umpeleke kwa ndugu mpaka uwanja ufagiliwe.

Kwa mwalimu nyumba ilikuwa ya mtu mmoja, lakini tatizo lake lilikuwa gumu zaidi. Alinieleza akitazama pembeni kwamba hawezi kula huku mnyama wa mama anamtazama. Sikumwambia aache. Tulikubaliana kwamba asubuhi atapima chakula chote cha Simba cha siku na kukiweka kwenye bakuli lenye kifuniko, na fungu la mwisho atampa jioni, saa ileile anapoketi mezani. Kila kitu kinachotoka mkononi mwake kitatoka kwenye bakuli hilo. Likiisha, limeisha.

Wakati wa kurudi kliniki

Mpime uzito kila wiki, siku moja, kabla ya kula. Mbwa mdogo unaweza kumpima kwa mzani wa bafuni: panda wewe mwenyewe, kisha panda umembeba, utoe. Andika kwenye daftari uzito, alichokula, na hali ya kinyesi. Kinyesi kikiwa kingi, cheupe cheupe au chenye kung'aa kwa mafuta, huku anakonda, kongosho halitengenezi vimeng'enya vya kutosha na kuna dawa ya kumsaidia. Akianza kunywa maji na kukojoa kupita kawaida, aletwe apimwe sukari.

Akitapika zaidi ya mara moja kwa siku, akikataa milo miwili mfululizo, au akirudia kule kuinamisha kifua, usijaribu chochote nyumbani. Mlete, na daftari ulilete. Muulize anayemtibu kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Ni haki yako, na aliyesajiliwa hataona vibaya kuulizwa. Kama hujui ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe, uliza kwa msimamizi wa wadi.

Daftari la mwalimu nililiona mara ya mwisho likiwa limejaa hadi ukurasa wa tisa, kwa mwandiko wa ubaoni. Simba alikuwa na kilo 4.8. Katika safu ya chakula, siku ya Jumapili moja, palikuwa pameandikwa: wali gramu 110, kuku gramu 50, na karoti moja kwa sababu alikuja mjukuu.